Ramani ya gugumaji ipo na ni ya bure, mbona haifiki bichi?

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na ukiona imekuwa ndefu katakata tu, lakini tafadhali usiguse ile sehemu ya upepo manake hapo ndo penye maneno yenyewe.

Swali langu ni hili. Ni nani hapa Kisumu, ama Kendu Bay, ama Homa Bay, anaweza kunitolea leo ramani ya wiki hii ya gugumaji, ule mmea unaoelea na kutanda juu ya Ziwa Victoria? Sitaki ya mwaka jana, wala ile imebandikwa kwa ukuta wa ofisi hadi rangi imefifia. Nataka ya wiki hii. Watu wa bichi nimewauliza, hawana. Kijana mmoja anayefanya kazi kwa ofisi fulani, sitaitaja, nilimuuliza akacheka, akaniambia hiyo mtaipata kwa ripoti mwaka wa fedha ukiisha. Na hali picha ziko! Zinapigwa kutoka juu kila mara, hazilipiwi hata ndururu, na mtu yeyote mwenye simu ya kuguza na bando kidogo anaweza kuzifungua akiwa amekaa tu kwa kiti ya kinyozi.

Nieleze kidogo kwa wale hawajawahi kuona. Kuna setilaiti za watu wa Ulaya zinaitwa Sentinel-2, ya kwanza ilirushwa Juni 2015 na ya pili Machi 2017, na kwa sababu zinazunguka mbili kwa zamu, Ghuba ya Winam, hii yetu ya Ziwa Victoria, inapigwa picha kila baada ya siku tano. Kila nukta ya picha, ile wanaita pikseli, ni mita kumi kwa kumi. Wamarekani nao wana Landsat zao, nukta ya mita 30, hizo ni za zamani zaidi na ndo nzuri ukitaka kujua ziwa lilikuwa aje miaka ya themanini na tisini. Zote ni bure.

Sasa ujanja uko hapa. Hizo kamera zinaona pia mwanga ambao macho yetu hayaoni, ule unaofuata baada tu ya mwekundu, na jani bichi lenye afya huurudisha juu kwa wingi, karibu nusu yake, lakini maji yanaumeza karibu wote. Kwa hivyo ukipanga picha ule mwanga uonekane kwa rangi nyekundu, ziwa linakuwa jeusi ti, na popote gugu liko panawaka nyekundu, huhitaji digrii kuona. Wataalamu wana hesabu yao wanaita NDVI, unachukua ule mwanga usioonekana unatoa mwekundu halafu unagawanya kwa jumla ya zote mbili, maji yanakupa namba chini ya sifuri na gugu lililoshiba linakupa juu ya 0.6 huko. Hiyo ndo sayansi yenyewe, mtoto wa sekondari anaiweza, na nashangaa tunavyoizungumzia utadhani ni siri ya jeshi.

Na tusiseme ni kitu kipya. Gugumaji lilianza kuonekana Ziwa Victoria mwisho wa miaka ya themanini, asili yake ni Amerika Kusini, watu walilipenda kwa maua yake ya zambarau (kweli ni mazuri, hilo siwezi kukataa) na kufikia 1998 lilikuwa limefunika kama hekta 17,000 upande wetu wa Kenya, karibu yote ndani ya ghuba. Ghuba yote ni kama kilomita mraba 1,400, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya sehemu moja kwa kumi ya maji. Waliokuwa watu wazima wakati huo watakwambia bandari ya Kisumu ilikuwa imefunga, meli zimelala, na wavuvi wengine waliacha ngege wakaanza kutafuta kamongo na mumi kwa sababu hao ndo samaki wanaovumilia maji yasiyo na hewa chini ya gugu. Hizo hekta 17,000 hakuna mtu alizipima na kamba, zilipimwa kwa picha za setilaiti. Kwa hivyo zaidi ya miaka ishirini na tano iliyopita kazi hii ilishafanywa, kwa lile lile ziwa, tofauti ni kwamba wakati huo picha moja ya Landsat ilikuwa inauzwa mamia hata maelfu ya dola na ilikuwa inapitia kwa wataalamu wachache wenye kompyuta kubwa. Marekani wakafungua hazina yao yote bure 2008. Bei iliisha hapo, kisingizio hakikuisha.

Halafu kuna hadithi ya wadudu. Kuanzia 1997 watu wa KARI, ile taasisi ya utafiti wa kilimo, waliachilia fukusi wadogo, wale wanakula gugumaji peke yake, na kufikia 2000 gugu lilikuwa limepungua sana. Wanasayansi wanabishana hadi leo, wengine wanasema ni fukusi, wengine wanasema ni mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 ndo yalilivunjavunja na mawingu ya miezi yakalinyima jua. Mimi nadhani ni vyote viwili lakini mimi ni nani. Ninachojua ni kwamba kungekuwa na picha ya kila siku tano wakati huo, huo ubishi ungekuwa mfupi. Na gugu lilirudi kwa nguvu 2006 kuingia 2007 baada ya mvua kubwa, manake mbegu zake zinaweza kulala kwa tope chini hata miaka ishirini zikingoja, kwa hivyo mtu akikwambia tumelimaliza, jua anatafuta kura.

Sasa nije kwa kile kilichonifanya niandike. Jioni moja nilikuwa bichi ya Dunga na mzee mmoja mvuvi, boti yake imevutwa juu ya mchanga, yeye amechuchumaa nyuma kwa injini na kisu cha jikoni anakata mizizi ya gugu iliyojizungusha kwa propela. Ile mizizi ni myeusi, ina manyoya manyoya, ikilowa ni kama nywele za mtu zimeziba shimo la bafu, unakata unavuta unakata tena na ndani bado iko nyingine. Nikamwonyesha simu. Picha ya siku mbili nyuma, ziwa jeusi, mabaka mekundu. Nilidhani nitalazimika kumweleza sana, wapi! Akaosha mikono, akashika simu, akaigeuza hadi kaskazini ikae kaskazini, akaanza kunifundisha mimi.

Akaniambia, nyathina, yaani mwanangu, hii nyekundu yote ya hapa kando si gugu, hii ni mafunjo ya Dunga, haya hayaendi popote, baba yangu aliyakuta. Akasogeza kidole. Hii hapa ilikuwa gugu kitambo, sasa ni ile nyasi ya kiboko imeota juu yake, usilete mashine hapo, itavunjika meno. Akasogeza tena akafika kwa baka moja kubwa mbali kidogo magharibi, akauliza hii ni ya lini? Nikasema juzi. Akaangalia ziwa, akasema basi haiko tena hapa, jana upepo wa mchana ulikuwa mkali, saa hii iko bichi ya Kichinjio. Kesho yake nikapitia Kichinjio. Ilikuwa hapo.

Hapo nikaona shida iko wapi. Setilaiti haijui mafunjo na gugumaji ni vitu viwili, kwake yote ni majani mabichi yanayong'aa. Haijui nyasi ya kiboko. Hata ule ukungu wa kijani unaotanda juu ya maji huku kwetu wakati wa joto, ule mwani unaonuka, ukiwa mzito nao unaweza kuonekana kama gugu changa. Kuna mbinu za kutenganisha, nzuri tu. Moja ni kuweka picha za tarehe tofauti juu ya nyingine, kile kinakaa mahali pamoja mwaka mzima ni mafunjo, kile kinahama ni gugu. Nyingine ni kutumia mwanga wa mbali zaidi unaoguswa na maji yaliyo ndani ya jani. Lakini mwisho wa yote lazima mtu aende na boti aseme hapa ni gugu, hapa si gugu, la sivyo kompyuta inajifundisha uongo, na hao watu wenye boti wako tayari, wako ziwani kila siku, wana simu zenye GPS, na hakuna anayewauliza. Tunalipia mtu kutoka Nairobi marupurupu ya kulala hotelini ili aende kuthibitisha kitu ambacho mwenyekiti wa kamati ya bichi angethibitisha kwa picha moja ya WhatsApp akirudi kutegua nyavu.

Sasa upepo, ile sehemu nilisema usikate. Ghuba yetu ina tabia yake. Asubuhi upepo unatoka nchi kavu unasukuma kuelekea ziwani, kuanzia mchana unageuka, unatoka ziwani kuja Kisumu, na huo wa mchana ndo wenye nguvu. Sentinel-2 inapita hapa mida ya saa tano asubuhi. Umeona? Inapiga picha kabla upepo haujageuka! Kwa hivyo gugu unaloliona kwa picha liko mahali lilipoachwa na upepo wa usiku na asubuhi, na kufikia saa kumi jioni wakati watu wa omena wanaanza kupakia taa zao, linaweza kuwa limesogea mbali sana, limeingia kwa vizimba vya samaki vya watu ama limefunga njia ya bichi nyingine kabisa. Ramani ya gugu bila upepo ni nusu ya ramani. Na ramani ya gugu ya miezi sita nyuma, hiyo sijui niiite nini. Nimewahi kukaa kwa warsha hotelini, hewa baridi, chai na mandazi, mtaalamu akatuonyesha ramani safi sana ya rangi rangi, nikauliza ni ya lini, akanitajia mwezi ambao ulikuwa umepita hata mvua mbili zishanyesha kati yake na siku hiyo. Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, ni adabu.

Mawingu nayo, siwezi kuyaruka. Mvua ndefu ikianza mwisho wa Machi hadi Mei, ndo wakati mito inasukuma gugu na mbolea kuingia ziwani, na ndo wakati huo huo picha nyingi zinatoka nyeupe tupu. Hapo inabidi kutumia setilaiti za rada, Sentinel-1, rada inapenya mawingu na inaona usiku, majani yanarudisha mawimbi yake kwa nguvu na maji yaliyotulia yanaonekana meusi. Maji yakichafuka na upepo inachanganyikiwa kidogo. Si dawa ya kila kitu lakini ni bora kuliko kukaa gizani miezi miwili.

Na mashine. Kila mtu anapenda mashine ya kuvuna gugu, inapigwa picha vizuri, mheshimiwa anapanda juu anavaa koti la kuokoa maisha. Sina ubaya na mashine. Lakini gugumaji ni karibu yote maji, zaidi ya asilimia 90, kwa hivyo ile milima unaona imerundikwa kando umelipa dizeli kubeba maji ya ziwa kuyatoa ziwani. Na likiwa limepata joto na chakula cha kutosha, baka linaweza kuwa maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Ukianza na lile baka kubwa la katikati unalikimbiza tu, wewe unakata upande huu lenyewe linaota upande ule na upepo umelihamisha kabla hujamaliza chakula cha mchana. Akili ingekuwa kutumia zile picha kutafuta mabaka madogo, yale ya nukta tano kumi, kwenye midomo ya mito, Nyando, Kibos, Sondu-Miriu, na vile vighuba vidogo upepo hauingii, uyatoe yakiwa bado watu ishirini na reki wanayaweza. Na hata hapo ujue lililo dogo kuliko nukta moja halionekani vizuri kutoka juu, kwa hivyo tunarudi pale pale kwa mvuvi mwenye macho.

Picha hizo hizo zinaonyesha kitu kingine ambacho naona hakuna anataka kukizungumzia. Baada ya mvua kubwa fungua picha ya kawaida, ile ya rangi za macho yetu, uangalie mdomo wa Nyando. Utaona ulimi wa rangi ya chai ya maziwa umetoka kwa mto ukaingia ndani ya ziwa, hiyo ni udongo wa mashamba ya watu wa juu pamoja na mbolea yao, na ongeza maji taka ya mji wetu wenyewe tusijifanye wasafi. Gugu linakula hiyo. Siku tutakuwa na ramani ya kila wiki mezani, itakuwa vigumu kwa kaunti za juu na za chini kuendelea kurushiana lawama, kila mtu ataona kilichotoka kwake kimefika wapi.

Kuna watakaosema pesa hakuna. Pesa gani? Picha ni bure. Programu za kuzichambua ziko za bure. Hapo Kasarani Nairobi kuna kituo cha RCMRD, kazi yake ni ramani za nchi zetu hizi tangu 1975, hapa Kisumu tuna watu wa KMFRI, wale watafiti wa bahari na uvuvi, wanaolijua ziwa, na Tume ya Bonde la Ziwa Victoria yenyewe makao yake makuu ni hapa mjini. Vyuo tunavyo, Maseno iko karibu, Jaramogi Oginga Odinga iko Bondo. Vijana wanaosomea mambo ya ramani hawakosi, na mtu akisomea hapa huwa anaangalia ziwa, akimaliza tasnifu inajalidiwa vizuri inawekwa kwa maktaba na yeye anaenda kuuza vifuniko vya simu. Waajirini wawili. Wawili tu, na kompyuta moja na intaneti isiyokatika. Picha ikipigwa leo saa tano, kwa kawaida kesho iko mtandaoni, wao wanaichambua asubuhi, wanaongeza upepo, wanatuma.

Wengine watasema wavuvi hawatazielewa. Hii inaniudhi kuliko zote. Mtu anasoma odi za mechi ya ligi ya pili ya Ureno kwa simu ndogo usiku wa manane, anajua nyavu zake aliziacha wapi kwenye maji yasiyo na alama yoyote, leo utasema ramani yenye rangi mbili itamshinda? Na kama simu yake ni ya kabambe, ile ya vitufe tu, tuma ujumbe mfupi wa maneno. Ama redio, hapa Nyanza redio inasikizwa kuliko mhubiri, sekunde thelathini baada ya habari za saa saba kwa Dholuo na Kiswahili: gugu kubwa liko baina ya hapa na hapa, upepo wa jioni utalipeleka huku, wenye vizimba upande huu wafunge kamba, bichi fulani msitoke kabla ya asubuhi. Watu wamewahi kukwama katikati ya gugu usiku kucha, hawasongi mbele wala nyuma, petroli imeisha kwa kulazimisha injini, hawa walihitaji hizo sekunde thelathini.

Naelewa kuna wanaokula kupitia gugu, na sisemi wanaosuka viti na vikapu ama wanaotengeneza gesi ya kupikia, hao Mungu awabariki, hata wao ramani ingewasaidia kujua wapi pa kuvuna. Nasema wale ambao kila likijaa kuna tenda. Hao ramani ya kila wiki haitawapendeza manake itaonyesha pia wiki ambayo walilipwa na hakuna kilichopungua.

Kwa hivyo ombi langu ni kwa serikali za kaunti za Kisumu, Homa Bay na Siaya, hizo tatu zinazoizunguka ghuba, zikae pamoja zichague ofisi moja iwe ndo ya kutoa hiyo ramani, itajwe jina ili tujue tukikosa tunaenda kwa mlango upi. Namba za wenyekiti wa kamati za bichi mnazo, mnawapigia kila uchaguzi. Anzeni na mvua hizi zinazokuja, hata kama ramani ya kwanza itakuwa na makosa, wavuvi watawasahihisha siku hiyo hiyo. Nitakuwa naangalia ukurasa huu kuona kama kuna afisa atajibu.

Ni mimi msomaji wenu,
Nyalenda, Kisumu